Kano Haisomi Kalenda

Jedwali nililibandika mlangoni mwa friji
kwa sumaku ya wauza gesi:
wiki kumi na sita, kila siku na kijisanduku chake,
na Jumapili ya mwisho, kwa kalamu nyekundu, 21.

Wiki ya saba, saa kumi na moja alfajiri,
natoka Sinza kuelekea Mwenge,
mbwa wa wenye mageti wakinifokea,
nikaruka mtaro usio na mfuniko
(mfuniko nadhani ulishapimwa chuma chakavu)
nikatua.
Nyuma ya kisigino kitu kikasema tap,
kama fundi cherehani anapokata uzi kwa meno.

Sikuanguka. Nilisimama mguu mmoja
nikiwatazama wapika vitumbua wakipuliza majiko,
hadi bajaji ikanirudisha nilikotoka
kwa elfu tatu.

Tumsifu, mtaalamu wa viungo,
alinibinya, akanikunja, akanyamaza.
Wiki ngapi? nikamuuliza.
Kano haisomi kalenda, akajibu, huku akiandika.

Basi nikawa mtu wa ngazi.
Nainuka kwa vidole, nashuka taratibu,
mara kumi na tano, napumzika, narudia,
pale kwenye kizingiti cha duka la Mangi,
na vijana wa kijiweni hawakosi neno:
Bro Shomvi, leo umefika ghorofa ya ngapi?

Visanduku vikabaki vitupu.
Mke wangu Stumai hapendi karatasi ipotee bure.
Penye kilomita kumi na nne akaandika: luku.
Penye mbio ndefu: mkaa, nusu gunia.
Penye pumzika: mchango wa harusi, kina Mwanahawa.

Siku ya kuchukua namba nilisema kwa sauti ya chini,
kama mtu anayekopa:
nimekuja kubadilisha. Ishirini na moja, iwe tano.
Binti akachukua ya bluu, akanipa ya njano.
Tofauti hairudishwi, kaka.
Najua, nikasema. Najua.

Oysterbay, saa kumi na mbili.
Wa bluu wakaondoka kwanza, Hamdani kati yao,
mwenzangu wa alfajiri zote zile.
Hakugeuka. Alikuwa akitazama saa yake,
na mimi ningetazama yangu.

Tukabaki wa njano:
wafanyakazi wa benki, fulana bado zina mikunjo ya boksi,
mama mmoja na dera lake na raba nyeupe,
watoto wanaokimbia
kama waliotumwa dukani na chenji ni yao.

Kilomita ya kwanza masikio yangu yalikuwa kisiginoni.
Ya pili, mtoto wa miaka tisa hivi akanipita,
akageuka, akasema: shikamoo.
Marahaba, nikasema,
na pumzi yote ikaishia hapo.

Ya tatu siikumbuki.
Ya nne nikasikia kunguru,
nikasikia soli za watu, maji yakikanyagwa kwenye vikombe,
ndipo nikajua kwamba kwa muda
nilikuwa nimeacha kusikiliza.

Dakika thelathini na nne.
Mwezi wa pili, muda kama huo
nilikuwa hata sijaanza kutoka jasho.
Medali bati lilelile, ukanda tu ndio wa njano.

Nikakaa ukingoni mwa barabara na chupa mbili,
moja yangu.
Jua lilipokwisha kuwa kali, Hamdani akatokea,
chumvi imemchora ramani usoni.
Akanywa yote. Akauliza: mguu?
Sikusema umepona.
Nikasema: upo.

Nyumbani, kwenye friji, Jumapili ya mwisho:
21 yangu nyekundu, na juu yake, mwandiko wa Stumai,
maharage kilo mbili, nazi.
Nikatafuta kalamu.
Nikaandika 5, ndogo, pembeni, palipobaki nafasi.
Kisha nikavaa ndala,
nikashuka ngazi moja moja
kuzifuata nazi.