Ukurasa wa Kumi na Tatu

Mkaguzi alitoka Ulaya hadi Muheza
na fomu ya kurasa kumi na nne.
Kuku, akauliza, hupita juu ya turubai?
Hawapiti, bwana. Alfajiri tuliwafungia stoo,
wakanyamaza kama nao wamefunzwa la kusema.

Akanusa pilipili manga,
akatazama sabuni, bado imo karatasini.

Ukurasa wa kumi na tatu: wachumaji.
Msimamizi akatujibia. Glavu zipo. Chai ipo.
Nyuma yetu Mwanamkuu Semboja
kauficha mkono ndani ya khanga:
ngazi ile, kipago pungufu, Jumanne.

Gunia likapigwa namba.
Punje moja ikiota kuvu huko iendako
watajua shamba, mche, hata siku.

Jioni glavu zilihesabiwa, zikarudi sandukuni.
Kuku tukawafungulia.