Nusu Kijiko

Kavugho aliponiachia potosi yake ya kutambaa
kwenye kopo la maziwa, pale Katindo,
alisema: mbolea nusu kijiko, kwa mwezi.
Nami, kwa huruma, nikatia vitatu.

Kingo za majani zikaungua, kahawia,
kama karatasi iliyopitia jirani na mbabula.
Nikausuuza udongo mara nne
kwa maji ya bidoni,
ya kununua.

Sasa naupa maji niliyooshea mchele,
na samadi ya simbilisi, kavu, chembe mbili tatu,
juu ya changarawe nyeusi ya volkano.

Jana limechomoza jani moja,
limekunjwa kama noti ya faranka mia tano.
Sijampigia simu Kavugho.
Nangoja likunjuke,
asije akaniuliza
yale mengine yako wapi.