Daftari la Wapangaji

Daftari langu lina pande mbili.
Ukilifungua mbele, ni vyumba:
cha kwanza Nkwabi, fundi wa mageti,
cha pili Bi Sijaona na cherehani yake,
cha tatu kitupu tangu Machi,
aliyekuwamo kaondoka usiku na deni la umeme.
Ukiligeuza, ukaanzia nyuma,
ni matuta manne
yaliyobanwa kati ya karo na ukuta,
huku Kitunda, ambako mchanga hunywa ndoo nzima
na kukutazama kama hujaupa kitu.

Mimi nilikuwa sihamishi.
Miaka sita nyanya zilikaa tuta la ukutani
kwa kuwa mama mkwe alizipanda pale,
na jua liko pale,
na fito zilishachimbiwa.
Nani humfukuza mpangaji mzuri?

Mwaka wa saba zikaanza kulala mchana.
Asubuhi wima, adhuhuri shingo chini,
majani bado ya kijani, kama mtu anayekufa na nguo mpya.
Nikamwaga maji. Nikamwaga samadi ya kuku.
Nikalisema jicho la jirani, kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

Bi Sijaona alilima nyanya Mlali
kabla hajashika uzi.
Akaja na mkasi wake wa vitambaa
(ule asiomwazima mtu),
akakata shina, akalitumbukiza
kwenye glasi ya maji, akaniambia, ngoja.
Tukangoja.
Ukashuka uzi mweupe, taratibu,
mwembamba kama wa kupigia lemba.
"Umeuona? Huyu yumo udongoni.
Hatoki kwa dawa, hatoki kwa maombi.
Hutoka kwa njaa.
Nawe umempakulia miaka sita,
sahani ileile, palepale."

Basi nikatoa notisi.
Nyanya, hama.
Bilinganya, hoho, nyanya chungu, nanyi pia:
msinijie kwa majina mengine,
ukoo mmoja, deni moja.
Kunde ikaingia ukutani bila dalali,
mpangaji anayelipa kodi chini ya ardhi,
shanga ndogo ndogo kwenye mizizi,
na mboga juu, ya kuongezea nazi.
Ikitoka yeye, mahindi, maana ana njaa
na atakuta chungu kimejaa.
Halafu vitunguu. Halafu mchicha, mtoto wa siku ishirini na moja,
hana mizigo, unampisha popote.
Nyanya nimezipeleka mlangoni mwa choo cha nje.
Zimenuna. Zimezaa hivyohivyo.

Nimeandika yote, kwa kalamu nyekundu,
nani yuko wapi, katoka wapi, lini anahama.
Nkwabi hucheka: "Mama Tumsifu, na mimi mwakani
utanipeleka chumba cha pili?"
Namwambia alipe kwanza.

Juzi, baada ya vuli kuanza,
nikakuta mche umejiotea ukutani katikati ya kunde,
bila mkataba,
majani mawili na manyoya yake,
mahali hasa alipokuwa akikaa na kigoda chake
mama mkwe, akizifunga fito kwa kamba za viroba
na kuzisema moja moja kama wajukuu.
Nikachutama. Nikakaa sana.
Kunde ziligusa goti langu.

Nikaung'oa.
Mkono umenuka nyanya mpaka usiku,
sikuunawa kwa sabuni.
Nikafungua daftari kwa nyuma nikaandika:
*Ukutani, kunde.
Nyanya, zirudi mwaka wa nne,
nikijaliwa.*