Gumba

Darasa letu ni stoo ya nyuma ya wodi ya wazazi, Mbagala.
Feni imebaki na mapanga mawili.
Tuko kumi na mmoja, sare zina jasho la zamu,
na Sista Eufrasia Komba anatugawia vipande vya kanga:
"Jifungeni macho."

"Kumbe tumeitwa kombolela!" akasema Havijawa.
Tukacheka, tukajifunga.
Mimi nina miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha kujifungulia.
Niliowadaka wengine wameota ndevu;
mmoja hunikatia tiketi ya pantoni
wala hajui ni mimi niliyemsugua mgongo hadi akalia.
Leo nifundishwe kunawa?

Akatutia wino wa bluu viganjani, nusu kijiko.
"Naweni kama mnavyonawa kila siku."
Nikanawa, kiganja kwa kiganja, kati ya vidole,
mbiombio, kama mtu anayesoma dua aliyoikariri
huku akili iko sokoni inapima nyanya.

Nikafungua macho.
Viganja, bluu tupu. Vizuri.
Gumba la kulia lilikuwa kavu, kama nilivyozaliwa nalo.
Chini ya pete, mstari mzima haukuguswa.
Na ncha za vidole, hizi zinazopima njia,
hizi zinazotangulia kumgusa mtoto kabla ya mama yake.

"Penye wino ndipo uliponawa," alisema Sista.
"Pengine kote, ulidhani."

Mimi naitwa Sikudhani.
Stoo nzima ikaangua kicheko,
nami nikacheka, cha upande.

Sikumwambia mtu habari za kitanda namba saba.
Mwanamke wa Kongowe, uzazi wa pili,
alijifungua salama saa nane za usiku
akanibusu mkono. Huu.
Siku ya tano walimrudisha wamembeba,
anatetemeka ndani ya mablanketi mawili, jua la mchana.
Tulisema ni malaria. Tulisema ni maji ya kisima chao.
Tulisema kazi ya Mungu haina makosa.
Tulitaja kila kitu kilichokuwa nje ya ngozi zetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Hawakusema kimoja kinaweza kuvunja nini.

Jioni nikaivua pete kwa sabuni.
Iligoma kwenye kifundo, ikatoka na ngozi kidogo.
Marehemu angeuliza.
Nimeifunga kwenye pindo la kanga, panapolala nauli.

Usiku bomba likakoroma, likanyamaza.
Nikaburuta ndoo ya koki.
Jiki moja, maji sita, hiyo ni ya vyombo;
ya mikono ni sabuni na subira.
Tumpale, binti wa mazoezi, akanishikia koki.
"Nesi! Inakuja!"
"Pumua mama, nipo."
Gumba la kulia, nalifumbata, nalizungusha.
La kushoto.
Kucha ndani ya kiganja, mviringo, tena mviringo.
"Sista, si tuna glavu?"
"Tunazo. Na wewe nawa."

Kichwa kinaonekana, nywele zimelowa.
Nimeinua mikono, maji yananitiririka hadi viwikoni;
ukinitazama kutoka mlangoni utadhani naomba.
Siombi.
Naikausha.