Kiatu cha Kushoto

Neno lake la kwanza asubuhi ni staki.
Kabla ya salamu, kabla ya kwenda chooni,
kabla jogoo wa Bi Riziki hajamaliza zamu yake.
Staki uji. Nikiumwaga,
anataka ule ule niliomwaga.

Msimu uliopita wa karafuu
alipita juu ya jamvi la watu, njia ya Limbani,
hatua kwa hatua, polepole,
akinitazama mimi, si karafuu.
Nilimwita kwa jina la baba yake na la babu yake.
Akapita tena.

Nililipa pishi mbili.
Harufu ikamkaa nyayoni siku tatu;
kila nikimwogesha naisikia,
hasira hazinishi, na mkono hauachi kumsugua.

Baba yake hupiga simu kutoka Unguja: Mchape.
Nishamchapa. Fimbo ilivunjika,
akaniokotea kile kipande kirefu,
akanipa, macho makavu.
Sijashika fimbo tena.

Wifi yangu Shumbana akaleta kombe,
aya kwa zafarani, sahani nyeupe.
Shaame akafumba mdomo kama chaza.
Zafarani ikaishia kwenye kanga yangu.
Nimeifua kwa ndimu, nimeifua kwa majivu,
ipo.

Wenzangu wakinikuta bombani husema,
Mtoto umleavyo...
halafu hunyamaza,
ili nimalizie mwenyewe.

Sijui nimemleaje.
Najua akilala hunishika ncha ya sikio,
na mchana hataki hata kivuli changu kimguse.

Leo viatu. Kengele ya skuli ishalia.
Sikusema vaa.
Niliviweka kizingitini, vyote viwili,
nikauambia ukuta: sijui kipi huanza.
Kimya.
Nikachambua mchele,
mawe yote nikayaona, hata yasiyokuwemo.

Akavaa.
Cha kushoto mguu wa kulia,
cha kulia mguu wa kushoto.
Akasimama mbele yangu, akangoja.

Neno lilishafika menoni.
Nikalimeza, chungu kama shubiri.
"Haya," nikasema, "Mungu akulinde."
Akenda akichechemea
mpaka kona ya duka la Mbarouk,
akageuka kuona kama namtazama.
Nilikuwa namtazama.

Adhuhuri karudi pekupeku, viatu mkononi.
"Vinabana."
"Pole," nikasema, na hapo nikakoma,
ingawa kifua kilikuwa kimejaa maneno
kama gunia lililoshindiliwa.

Akaja akakaa karibu yangu,
si karibu sana, upana wa mkono mmoja,
akasema anataka kukuna nazi.

Nazi nilishaikuna, nishaikamua,
tui liko jikoni linachemka.

Nikaenda kuvunja nyingine.