Uzi wa Kwikwi

Usiku wa nne hapa Uru, mvua inachapa migomba,
na kwikwi imekushika tangu saa saba.
Kifua chako chote hakizidi kiganja changu,
kinaruka kama kifaranga ndani ya soksi.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, nahesabu:
arobaini na moja, arobaini na mbili.

Mama Ndewera hapigi hodi.
Huingia kama mwenye nyumba, na ndiye mwenye nyumba.
Ananyofoa uzi kwenye pindo la kanga yake,
mwekundu, mfupi kuliko ukucha,
anaulowesha kwa ulimi, anaubandika
kwenye paji la uso wako, katikati, hapo.
Kisha anakaa. Hasemi kitu.
Sitini na tatu. Sitini na nne.
Sitini na nne.

Sijui kama ni uzi.
Nilisoma baiolojia mpaka kidato cha sita,
najua kwikwi huja na kuondoka yenyewe.
Ila uzi sikuubandua.

Asubuhi akaleta mtori, mzito, kijiko kinasimama.
"Kunywa. Maziwa hayatoki ukutani."
Akanikanda mgongo kwa maji ya moto
mpaka nikauma taulo.
Halafu akafunua kigae alichokifunika jani:
majivu laini, meupe, ya mti asioutaja,
na macho yake yakaenda kwenye kitovu chako.

Hapo nikakuvuta kwangu.
Nesi Kalista wa zahanati, mwenye kidole kama rula,
alisema kiachwe kikauke, kisiguswe,
si mafuta, si unga, si majivu ya mtu yeyote.
"Mama," nikasema, sauti inayumba, "hapo hapana."

Nikangoja radi.
Jogoo wa jirani akawika. Mtori ukaota utando.
Yeye akakitazama kigae
muda wa mtu anayesoma barua.

"Aliyemtangulia baba yake huyu tulimpaka.
Mkwe wangu alipaka, mimi nikashika taa.
Siku ya sita akakaza taya, titi halikuingia tena.
Wakasema ni jicho.
Nilikuwa nimemwita Anaeli."

Akatoka nacho nje, mvuani,
akamwaga, akakigonga kigae kwenye jiwe,
akakigonga tena, ingawa kilikuwa tupu.

Jioni, akimenya ndizi, bila kuniangalia:
"Na uzi? Nao nesi kaukataza?"
"Uzi hakuutaja, mama."
"Aa."

Siku ya tisa kitovu kilidondoka chenyewe
ndani ya nepi, kikavu kama karafuu.
Tulikifukia chini ya mgomba wa mshare,
yeye akichimba kwa panga, mimi nimeshika mwavuli,
na udongo ukamjaa kwenye kucha,
hakuunawa mpaka usiku.

Sasa kwikwi imerudi.
Yeye anakoroma chumba cha pili, amechoka, simwamshi.
Napapasa pindo la kanga yangu gizani.
Nyekundu haina.
Sijui, mwanangu, kama wa bluu utafaa.