Madeni ya Uvinza

Joho nimelirudisha Jumatatu, lina doa la pilau begani.
Cheti kitatoka Machi, wamesema,
jina langu likiandikwa sawasawa safari hii.
Jumanne nikapanda treni.

Sasa tumepita Kaliua. Usiku wa pili.
Behewa linanuka machungwa na soksi,
na mapajani pangu kuna bahasha arobaini na mbili.

Miaka miwili nilikuja Uvinza na kamera ya chuo,
nikawapiga wanaochemsha maji ya chumvi
mpaka maji yasalimu amri, yawe meupe.
Weupe ule ulinishinda mwezi mzima:
ukifungua lenzi kwa ajili ya uso, chumvi inaungua;
ukiihurumia chumvi, mtu anabaki kivuli.
Nimeandika kurasa tisini juu ya jambo hilo.
Hakuna hata ukurasa mmoja unaosema
kwamba kila niliyempiga aliniuliza neno moja,
"Utaniletea?"
nami nikajibu, kama tujibuvyo sote wenye kamera,
"Nitakuletea."

Siku ya utetezi, mtahini mwenye miwani utosini
alisimama mbele ya Bi Tabu Ntakije
niliyemkuza hata akagusa dari,
koleo mkononi, kope zimeota chembechembe.
Akauliza, "Na yeye, amejionaje?"
Nikaongea dakika nne. Nilisema "mtazamo" mara sita.
Wakanipa alama nzuri.

Ezekia Bitariho alitaka ya kumpelekea mchumba, Kasulu.
Nasikia mchumba kaolewa, ana mtoto anayetambaa.
Nimeisafisha hata hivyo. Katoka kijana kweli,
kifua wazi, mvuke umemkata magotini,
kama mtu anayejifunza kuelea.

Gwimo, fundi wa makarai, amefariki mwezi wa nane.
Msibani walikuza picha ya kadi ya kura
mpaka sura ikawa nukta, nukta, nukta.
Na mimi nilikuwa naye, mzima, anacheka,
kwenye diski ndani ya droo, Dar es Salaam.
Bahasha yake ndiyo nene. Nakala tano:
mjane, watoto watatu,
na moja sijui nimeichapa ya nini.

Nyumbani wanauliza: baada ya uzamili, nini?
Shemeji anasema harusi zina hela,
na pale Mwanga, Kigoma mjini, kuna fremu inapangishwa.
Profesa anasema omba ufadhili, nenda mbele.
Mbele ni wapi, hakutaja.
Labda fremu. Labda pazia jeupe na stuli,
pasipoti nne kwa elfu tatu, inua kidevu, usicheke.
Watu huidharau kazi ile,
lakini ndiyo picha pekee ambayo mwenyewe
huondoka nayo mfukoni siku ileile.

Treni inapunguza mwendo. Nje bado giza,
ila kule kwenye majiko kuna wekundu
na mtu anapita mbele yake, anapotea, anapita.
Mkono unaijua njia ya kwenda kwenye begi.
Naukatalia.
Nahesabu bahasha tena: arobaini na moja.
Nahesabu tena.
Basi napiga magoti baina ya viti,
tochi ya simu mdomoni, maganda ya machungwa viganjani,
breki zinalia,
namtafuta mtu mmoja huko chini.